Huko Ndiko Walikotoka Wale?

Mamangu alikuwa jikoni kwa mdogo wangu, Utrecht, blanketi miguuni, anamenya vitunguu vya biriani. Nje mvua ya Novemba. Mimi nimeketi ng'ambo ya meza na kompyuta, kurasa mbili zimefunguka: ndege ya Málaga na ndege ya Lisbon. Nauli zilipishana kwa bei ya sahani mbili za chakula, kwa hiyo pesa haikuwa na la kunishauri.

"Huko Lisbon ndiyo nchi gani?"

"Ureno, Mama."

Kisu kikasimama.

"Huko ndiko walikotoka wale?"

Ukizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, "wale" hawahitaji jina. Ngome yao, Fort Jesus, iko palepale. Unaipita ukienda shule, ukienda harusini, ukienda kuzika. Mamangu alizaliwa 1957, mwaka mmoja kabla ya Ngomeni kuacha kuwa gereza, na bibi yake alikuwa akimtisha napo kama watoto wengine wanavyotishwa na zimwi.

"Ndiko," nikasema.

Akarudi kwenye vitunguu. Baada ya muda, bila kuinua uso: "Na huko kwingine ndiko Andalusi, ile nchi ya Waislamu wa zamani?"

"Ndiko, Mama."

"Ehe," akasema, kama kadhi aliyekwisha kukata kesi.

Wiki saba zimepita. Tumerudi salama, mabegi yamefuliwa, na ile "ehe" bado inanijia usiku.

## Vyungu

Safari yenyewe ilikuwa ya uzazi. Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na kwetu mzazi hulelewa arubaini. Viza ikatupa siku ishirini na moja. Mambo ya viza mnayajua, sitawachosha. Ila nilikuwa nimejiapiza kwamba Mama hatavuka bahari mbili aishie kuona vyumba viwili na duka la Waturuki la pembeni.

Kisha akafika mavyaa wa mdogo wangu. Mama wa shemeji, mtu wa Tetouan, Moroko. Mpole, mcha Mungu, na mwenye maoni yake kuhusu jinsi mtoto anavyofungwa nguo na mchuzi anaostahili mzazi. Mamangu naye ana yake. Kwa kuwa hawakuwa na lugha ya kugombania, walizozana kwa vyungu: huyu akifunika, yule anafunua, huyu akipunguza moto, yule anauchochea. Siku ya tatu mdogo wangu akanivuta mpaka chooni, akafunga mlango.

"Dada, nakuomba kwa Mungu. Mpeleke Mama mahali. Siku nne tano tu."

Mtu atauliza kwa nini nisiunganishe kote kuwili. Nilijaribu. Kati ya Lisbon na Sevilla hakuna treni ya moja kwa moja, na basi ni la saa sita, saba. Mama ana magoti yanayotabiri mvua kuliko redio. Kwenda kote kungekuwa kuona barabara kuu na vyoo vya vituo vya mafuta.

Basi ni moja. Kusini mwa Uhispania, au Lisbon.

## Taa za Kurtuba

Mama aliacha shule darasa la saba, lakini chuoni, kwenye Kurani, alisoma mpaka akasomesha. Mwalimu wake, Mungu amrehemu, alikuwa na ada ya kufunga darasa la Alhamisi kwa kisa, na kisa alichokirudia ni cha Kurtuba: mji uliokuwa na taa barabarani wakati miji jirani ikilala gizani, mji wa vitabu na mabirika. Mama alitusimulia nasi, taa ikiwa ya chemni, umeme umekatika. Nilipokuwa mtoto nilidhani Kurtuba iko pepo ya pili au ya tatu.

Baadaye nikaijua kwa jina lake la ramani, Córdoba. Nikajua msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 785, una nguzo zaidi ya mia nane, matao yake ni mekundu na meupe kama peremende. Kwamba mwaka 1236 uligeuzwa kanisa, na karne ya 16 wakaupasua katikati wakapandikiza kanisa kuu ndani ya tumbo lake. Nikajua kuhusu Granada, Gharnata ya kina Mama, na kasri la Alhambra, ambako kuta zimerudia neno moja mpaka macho yachoke: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wenyewe waliokuwa wakiyachonga maneno hayo walishindwa, wakakabidhi funguo tarehe 2 Januari 1492.

Na kuna mambo madogo yaliyokuwa yananichekesha. Kazi yangu ni hati za forodha, katika kampuni ya mizigo pale Kilindini. Wahispania forodha wanaiita "aduana", neno lililotoka kwenye diwani ileile ambayo kwetu ni mheshimiwa wa wadi anayekuja kuomba kura. Meya wao ni "alcalde", yaani kadhi. Nikawaza: nitafika mji ambao kadhi anashughulika na taka na taa za barabarani. Nani asingetaka kwenda?

Lisbon je? Nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa Granada ukajaa. Upande wa Lisbon nikaandika "vikeki vya mayai", nikakwama.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na kinyongo, na kinyongo hakiandikwi kwenye daftari la faida na hasara. Agosti 1505 waliuchoma mji wetu. Wakaurudia 1528. Mwaka 1593 wakaamua kukaa, wakaanza ngome. Sasa mimi nilipe nauli, nimchukue mamangu, tuende kumwamkia mtu kwake?

## Nilipopumua

Jumanne nikaingia kutafuta tiketi za Alhambra. Kama hamjawahi: haziuzwi mlangoni kama tiketi za feri ya Likoni. Zina jina lako na namba ya pasipoti, na zile za makasri ya ndani, ambayo ndiyo kila mtu anayafuata, zina saa. Ukipangiwa saa nne na nusu, ni saa nne na nusu, ukichelewa umekosa. Watu hukata wiki nyingi mbele.

Siku zote tulizozitaka zilikuwa zimekwisha.

Nikafunga kompyuta na nikapumua.

Halafu nikajishtukia. Mtu aliyekosa kitu anachokitamani tangu utotoni hapumui vile. Yule alipumua kama mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Nilikaa pale mezani nikijiuliza ni kitu gani nilichokuwa nakikwepa Granada, kama nilikuwa nakikwepa, na kwa nini sasa mkono wangu ulikuwa unaelekea ukurasa wa Lisbon ambao saa moja iliyopita niliudharau.

Sikupata jibu. Nilimwambia Mama tiketi zimekwisha. Akasema, "Mungu atafungua," akaendelea kumpaka mtoto mafuta.

## Kwao shemeji

Jioni ile shemeji alirudi kazini, akasikia, akasikitika kuliko Mama. Akatuma watu, akapiga simu. Huku anamimina chai ya nanaa kutoka juu, ile wanayoimimina kama mvua, akatueleza habari ya bibi yake. Tetouan imejaa koo zilizokimbia Granada, na kila ukoo una hekaya yake ya ufunguo wa mlango ulioachwa nyuma. Ufunguo wa kwao yeye hajauona kwa macho, wala babake hakuuona, lakini bibi yake alijua kwamba ile nyumba ilikuwa na kisima uani na mkomamanga kando yake.

"Nendeni, dada," akaniambia. "Mkaone kwetu."

Kwetu.

Alisema kwa Kiswahili, neno alilofundishwa na mke wake, na alilitamka bila mbwembwe yoyote. Mamaye, ambaye hakuelewa neno, alielewa habari, akawa anatikisa kichwa.

Usiku nikalala nalo. Mtu wa Tetouan ana haki ya kusema kwetu. Mimi je? Hakuna mtu wa Mombasa aliyebeba jiwe la Alhambra. Dini ni moja, ndiyo, na khati tunaisoma. Lakini raha niliyokuwa naitarajia Granada ilikuwa raha ya kusimama chini ya tao la mwenzangu nikajipongeza. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Akafika Granada karibu miaka ishirini baadaye, wakati ule Ua wa Simba wa Alhambra ambao leo watu wanaupigia picha ulikuwa bado haujajengwa. Mtu mmoja, macho yaleyale, kote kuwili. Mimi nazijua taa za Kurtuba tangu nina miaka mitano.

Kilwa sijafika. Nina miaka arubaini na mitatu, nimewahi kuingia Dubai mara mbili, Kilwa sijafika.

## QILVA

Sijui kama mnaifahamu tabia hii: mtu anatafuta hoja za kukataa jambo, anaangukia hoja ya kulikubali. Jumatano usiku nilikuwa nasoma juu ya Lisbon kwa nia mbaya. Nilitaka kuona wanajisifu vipi, niudhike, nikate tiketi ya Málaga nikalale. Alhambra tungeitazama kwa nje.

Nikakutana na picha ya monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea hostia, mkate wao wa ibada, ili waumini waione. Imo katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Lisbon. Ya dhahabu, na rangi ndogondogo zilizochomelewa juu yake. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, wadogo wadogo. Fundi anayetajwa ni Gil Vicente. Nzuri, lazima niseme. Nzuri mpaka inatia hasira.

Na chini, kwenye kitako, kuna maandishi ya kuzunguka. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikamalizika 1506.

Jina wameliandika QILVA.

Nikaikuza picha mpaka herufi zikavunjika. Vasco da Gama alirudi pwani yetu mwaka 1502, safari hii na meli nyingi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa. Hayo nilifundishwa shule, sentensi moja, kati ya tarehe nyingine. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba malipo yale yapo. Kwamba hayakuyeyuka yakawa sarafu, hayakuzama, hayakuibwa mara ya pili. Yamekaa kwenye kioo, mtaa fulani, na yanafungwa Jumatatu kama kinyozi.

Nikamwamsha mdogo wangu, aliyekuwa macho ananyonyesha. Akaitazama picha.

"Sasa unataka kumpeleka Mama akaone alivyoibiwa?"

"Sijui ninachotaka."

"Muulize yeye basi."

Hapo ndipo palipokuwa na busara yote ya safari ile, na sikuitumia.

## Saa inahesabu

Alhamisi, karibu na saa sita za usiku, nikafungua tena tovuti ya Alhambra. Mazoea tu, kama mtu anavyofungua friji asilo na haja nalo.

Tiketi mbili. Jumatatu, saa tano asubuhi, makasri ya ndani. Mtu amefuta safari yake.

Nikajaza majina. Langu, kisha la Mama, na namba ya pasipoti yake mpya ambayo picha yake amekasirika. Tovuti ikaniwekea zile tiketi na kuanza kuhesabu dakika za kulipa. Kadi ilikuwa mkononi.

Nataka niseme nilitafakari. Sikutafakari. Niliketi tu, naitazama ile saa ndogo inashuka, na kichwani naliona lile jina lililoandikwa vibaya. Nikajiambia Mama atafurahi popote. Nikajiambia Albaicín, mtaa wa kale wa Granada, ni milima mitupu, magoti yake. Na Lisbon nayo ni milima mitupu, nililijua hilo, nikalirukia. Nikajiambia Granada tutakwenda mwaka mwingine, na hapo ndipo nilipojidanganya zaidi, maana mtu wa miaka sitini na minane ambaye viza yake ya kwanza ilichukua miezi mitatu na akiba ya mwaka mzima hana mwaka mwingine wa kuahidiwa kirahisi hivyo.

Dakika zikaisha. Ukurasa ukasema muda umepita.

Nikakata ndege ya Lisbon.

Asubuhi, juu ya mahamri: "Tumekata tiketi?"

"Tumekata, Mama. Lisbon. Za Alhambra zilikuwa zimekwisha."

Zilikuwa zimekwisha, siku ya Jumanne.

"Alhamdulillahi," akasema. Akapuliza chai yake.

## Pemba nyingine

Lisbon ilitupokea kwa mvua, na mawe ya barabara zake, yale madogo meupe, yakilowa ni sabuni. Jumamosi na Jumapili tulitembea kama mabibi harusi, hatua, tumesimama, hatua. Mama hakulalamika, na kutolalamika kwake kulinichoma zaidi.

Jumatatu makumbusho yamefungwa, tukashukia Martim Moniz kutafuta nyama halali. Uwanja ule umepewa jina la shujaa wao ambaye, kwa hekaya yao, alijibana kwenye lango la ngome mwaka 1147 ili lisifungwe, Wakristo wakapita juu yake wakauteka mji. Nilimwambia Mama. Akaangalia huku na huku: Wabangladeshi, Wahindi, akina mama wa Kiafrika na vikapu vya bamia na pilipili.

"Lango lenyewe mbona liko wazi," akasema.

Duka tuliloingia lilikuwa na mwanamke mnene wa makamo aliyetusikia tukibishana bei ya samaki mkavu.

"Mwatoka wapi?"

"Mombasa. Wewe?"

"Pemba."

Mama akamkumbatia, akaanza kumtajia watu: Wete, Chake Chake, fulani bin fulani. Mwanamke akacheka mpaka akashika kaunta. Pemba ya Msumbiji, Cabo Delgado! Lugha yake ni Kimwani. Yeye akisema chake na Mama akisema chake, kati ya maneno kumi wanaelewana sita, na yale manne walimalizia kwa mikono. Tulikaa saa nzima. Mamangu, ambaye Utrecht alikuwa amekosa hata mtu wa kugombana naye, aliketi kwenye kreti la soda akasimuliwa habari za Cabo Delgado, za vijiji vilivyochomwa, za ndugu waliotawanyika. Akalia. Akanunua nazi tatu ambazo hatukuwa na pa kuzikunia.

Mwanamke yule ndiye aliyetuambia tupande mtaa wa Alfama kabla ya magharibi. "Jina hilo la Waarabu," akasema. "Hamamu." Na Mouraria, mtaa tuliokuwa tumesimama, ndiko walikosukumwa Waislamu baada ya mji kutekwa. Kabla ya hapo, zaidi ya miaka mia nne, mji huu wote uliitwa al-Ushbuna.

Mama akanigeukia.

"Al-Ushbuna ya nani?"

"Ya Waislamu, Mama. Ilikuwa sehemu ya..." Nikasita. "Ya Andalusi."

Hakusema kitu. Alifunga nazi zake.

## Naye alikufa

Jumanne tulipanda tramu mpaka Belém. Monasteri ya Jerónimos ni jiwe jeupe lililotobolewa kama kanzu ya darizi, na mlangoni kuna neno "Igreja". Nilimweleza Mama kwamba hilo ni kanisa, na kwamba ndilo lililokuja kwetu likawa gereza. Hii ilimfurahisha kuliko jengo. "Kwa hiyo hawa Jumapili wanakwenda gerezani kwa hiari yao." Aliirudia siku nzima. Meza, leso, bendera, kasha, pipa, foronya. Nilimtajia yote tuliyoyaokota kwao, akawa anayapokea mojamoja kwa mashaka, kama noti za mtu asiyemwamini.

Kaburi la Vasco da Gama liko ndani, karibu ukiingia. Amechongwa amelala, mikono ameikutanisha. Watu wanapiga picha. Nilikuwa nimejiandalia hisia fulani kwa ajili ya mahali pale, hasira au ushindi, kitu cha kuandika. Hata nilikuwa na sentensi. Nikasimama na sentensi yangu, haikunyanyuka. Alifika Mombasa Aprili 1498, miaka sita tu baada ya Granada kuanguka; akafia India 1524. Jiwe.

Mama, buibui lake linadondosha maji sakafuni, alimtazama muda mrefu, kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe naye alikufa," akasema.

Akaenda kutafuta mahali pa kukaa.

## Tamko la forodha

Jumatano, saa chache kabla ya ndege, tulifika kwenye kioo.

Ni ndogo kuliko nilivyodhani, haifiki hata mita moja. Chumba kimetulia. Nikachuchumaa kusoma kitako, nikazunguka nikiwa nimechuchumaa, mlinzi akinitazama, mpaka nikalipata. QILVA.

Mimi ni mtu wa forodha. Kazi yangu ya miaka kumi na minane ni kuuliza mzigo maswali manne: wa nani, umetoka wapi, ni nini, umeingia lini. Watu hudanganya kwenye yote manne, hasa la pili. Na hapa, kwenye chombo cha ibada, mwaka 1506, mfalme ameandika tamko kamili bila hata mtu kumdai: mwenye mali, mimi Manuel, kitu, dhahabu, asili, kodi ya Kilwa, tarehe. Nimeona makontena ya marobota yenye hati chafu kuliko hiyo. Aliandika kwa sababu alikuwa anajivunia, najua. Lakini angeweza kuandika jina lake tu. Wengi waliofuata, na waliochukua makubwa zaidi, hawakuandika asili.

"Basi hii ni yetu," Mama akasema nyuma yangu.

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini hati ya asili ina swali la ziada ambalo wafanyabiashara hulichukia: asili ni pale mzigo ulipopakiwa, au pale ulipotoka? Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa bara, nyanda za Zimbabwe, ikateremka mpaka Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kukaa njiani na kutoza. Waliochimba hawakuandikwa na Manuel, wala kwetu sijui nani aliyewaandika.

"Kidogo, Mama," nikasema. "Tulikuwa kama mimi. Mawakala."

Akanicheka. Kisha akasogeza uso karibu na kioo, miwani ikagonga, mlinzi akakohoa.

"Wazuri, hawa wadogo," akasema juu ya wale mitume. "Huyu wa pembeni amechoka magoti."

## Alikofika Mama

Tulipokuwa uwanja wa ndege nilitaka kumwambia habari ya tiketi mbili za Jumatatu saa tano. Nilianza: "Mama, ile Alhambra..." Akaniambia nimshikie nazi, anakwenda kutawadha. Utrecht tulikuta mavyaa amepika mchuzi kwa pilipili ya Mama, na Mama akanywa bila neno, na hali ikawa hali. Shemeji alitaka kuona picha. Nilimwonyesha Alfama, nikamwambia al-Ushbuna, akatabasamu kwa adabu. Haikuwa kwao.

Sijui kama nilichagua vizuri. Ningekuwa peke yangu ningesema ndiyo bila kupepesa. Lakini sikuwa peke yangu, na lile jina kwenye kitako lilikuwa kiu yangu mimi. Kiu ya Mama ilikuwa taa za barabarani za kisa cha Alhamisi, na niliziacha zikazimika kwenye saa ya tovuti, nikamwambia zilikuwa zimekwisha. Mama hasomi blogu. Mdogo wangu anasoma, na najua atamsomea. Sijaamua bado kama ndiyo sababu naandika.

Ijumaa iliyopita walikuja mabibi watatu wa mtaani kumpa mkono wa safari. Kahawa chungu, kashata, na zile picha kwenye simu yangu zikipita mkono kwa mkono. Wakamuuliza mtoto anafanana na nani. Wakamuuliza baridi. Kisha mmoja, rafiki yake wa chuoni, aliyekaa naye jamvi moja miaka hiyo, akamuuliza je, huko Ulaya aliona nini.

"Andalusi nimefika," Mama akasema.

Mabibi wakavuta pumzi. Subhanallah. Na taa zake je, zipo?

"Zipo. Barabara nzima."

Alikuwa anasema nao, lakini alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, nyusi zimeinuka kidogo, kama anayesubiri kuona kama nitamsahihisha.

Nikachukua dele, nikawaongeza kahawa.